Pompi Yangu Ilikuwa mu Gari ya Balole

Nilikuwa nimelala ubavu kwenye majani, kando ya barabara, ukiisha kupita Runingu kidogo. Baiskeli ilikuwa juu ya mguu wangu, bidoni, lile dumu la maji, ingali imefungwa nyuma. Hewa ilikuwa inaingia kidogo, haitoki. Watu wanafikiri mwenye asima, ile ambayo wengine wanaita pumu, anakosa hewa ya kuvuta. Hapana. Unajaa. Unajaa kama gunia lililoshindiliwa, unatafuta mahali pa kuitoa ile hewa, hupati. Pembeni macho yalikuwa yanaona giza, katikati nikiona barabara, na kwenye barabara nikaona gari ya komite ya mbio zetu za baiskeli inakuja polepole, na kibendera cha plastiki kwenye kioo.

Niliinua mkono.

Gari ikapunguza mwendo. Kioo kikashuka. Prezida wa komite, Balole, akatoa kichwa, miwani ameipandisha kwenye paji la uso, akanitazama. Nasema akanitazama, kwa sababu baadaye alisema hakuniona. Akawageukia waliokaa nyuma: "Si munamuona? Tulimunyima dawa, sasa njo ameanguka. Njo ile dawa ilikuwa inamukimbizaka!"

Wakacheka. Kioo kikapanda. Gari ikaenda. Na pompi yangu, ile dawa ya kuvuta kwa mdomo, ilikuwa ndani ya gari ile.

Mimi ni Baba Amisi, mubeba mizigo kwa baiskeli, mukaaji wa Uvira. Nimesoma mpaka ya tatu primeri, kwa hiyo mtu asitafute humu maneno ya daktari. Naandika kwa sababu sasa ninaweza kutembea kutoka nyumbani mpaka sokoni bila kushika ukuta wa watu, na kwa sababu kwenye mabenchi ya hospitali nimekutana na wagonjwa wengi wanaoona haya kutoa pompi mbele za watu. Naandika pia kwa sababu waliotaka kuniua wanakula vizuri. Nitawataja kwa majina. Anayeona nimemwonea, aandike na yeye.

Ugonjwa ulinipata masika ile ziwa lilipopanda na kuingia kwenye parsele, viwanja vyetu. Maji yaliingia nyumbani bila kubisha, yakakaa. Tulipanga vitanda juu ya matofali, nguo juu ya vitanda, watoto juu ya nguo. Maji yalipotoka, kuta zilibaki nyeusi mpaka dirishani, na harufu ile haikutoka hata tulipochoma majani ya mukaratusi. Sisi tulilala humo. Ungetaka tulale wapi?

Ilianza alfajiri moja. Mke wangu Furaha aliniamsha: "Baba Amisi, uko unapiga filimbi."

"Filimbi gani?"

"Mu kifua. Sikiliza mwenyewe."

Nikasikiliza. Kweli, ndani yangu kulikuwa na kitu kinapiga filimbi, chembamba, kama kifaranga kimefungiwa ndani ya debe. Tukacheka. Tulicheka siku ile moja tu.

Kabla ya pale nilikuwa mtu wa kutoka Luvungi na gunia mbili za mihogo nyuma, wakati mwingine nafika hadi Katogota kuchukua mchele, na kurudi naimba. Kabla masika ile haijaisha, nikawa ninasukuma baiskeli hata mahali palipo sawa. Mwili ulibadilika. Mabega yalipanda yakakaribia masikio, maana kila pumzi niliivuta kwa mabega. Shingo ilitoa mishipa kama kamba. Suruali zilianguka, Furaha akanitobolea mukanda tundu mpya na musumari wa moto.

Shemeji yangu Pasikali, kaka yake Furaha, alikuja akatutazama, akaenda moja kwa moja kwenye vyombo. Akachukua kikombe changu akakiweka dirishani peke yake. "Ni kifua kikuu," akasema. "Dada, watoto wasikunywie hapa." Mimi nilikuwa nimekaa palepale, ninamsikia. Toka siku ile nilikula peke yangu, kwangu mwenyewe, nikitazamana na ukuta mweusi.

Hospitali wakanipima makohozi. Hakuna kitu. Wakapima tena. Hakuna kitu. Kwenye benchi ya kungojea, nikikohoa watu wanasogea, nikikohoa tena wanasogea tena, mpaka ninabaki na benchi nzima kama waziri. Mama mmoja mnene aliyekosa mahali pa kukaa aliniambia: "Papa, ukohoe hata mara moja tena, wa benchi ile nao wakimbie, minye nipate nafasi." Nilicheka mpaka nikaishiwa pumzi, na hapo ndipo infirmiye, muuguzi aliyekuwa anapita mlangoni, akasimama. Anaitwa Esperansi. Hakunishika hata. Alisikia tu ile filimbi.

"Papa, nani alikuambia weye uko na kifua kikuu?"

"Shemeji yangu."

"Shemeji yako anafanya kazi gani?"

"Anauza simu."

"Basi auze simu. Weye uko na asima."

Yeye ndiye aliyenifundisha pompi. Ni kikopo kidogo cha chuma ndani ya kiplastiki cha rangi ya bulu. Unatikisa, unatoa kwanza hewa yote unayoweza, unabonyeza, unavuta polepole, unakaa nayo. Mimi sikuweza, nilikuwa nabonyeza, dawa inabaki ulimini. Akachukua chupa tupu ya maji, akatoboa kitako chake kwa kisu cha moto, pompi ikaingia pale, mimi nikavutia mdomoni pa chupa. Aliyetusikia nje angefikiri tunacheza. Baada ya muda ambao si mrefu mabega yangu yalishuka. Yalishuka yenyewe. Nililia kwenye ile benchi yangu ya waziri, na Furaha, aliyenisindikiza, akalia.

Furaha alirudi nyumbani, akachukua kikombe dirishani, akakiosha, akakirudisha kati ya vikombe vingine. Kisha akahamisha mafiga yake nje, mbali na dirisha, ili moshi usinifuate. Tangu hapo amepika nje hata mvua inaponyesha, mfuko wa plastiki kichwani. Ninyi mnaougua, muangalie mambo kama hayo. Dawa iko, lakini kuna mtu pia anayelowana kwa ajili yako.

Kiangazi kilichofuata nilirudi barabarani, na hapa ndipo Balole anapoingia.

Kwetu, mpunga wa bonde ukiisha kuvunwa, sisi wa baiskeli za kazi tunafanya mbio. Si baiskeli nyembamba za televizyo. Ni zilezile tunazobebea, zenye kibebeo cha vyuma nyuma, na kila mtu anafunga bidoni moja ya maji, imejaa, kifuniko kimezungushiwa mpira wa tairi ili asimwage njiani. Tunatoka Uvira mpaka Luvungi. Bidoni inafunguliwa mwisho, na aliyepunguza maji anarudishwa nyuma. Mshindi anapewa matairi mapya, na mwaka mzima wafanyabiashara wanamwita yeye kwanza. Kwa hiyo si mchezo. Ni ugali.

Na kabla ya kuanza, kuna beseni. Ni desturi ya zamani: watu wanasema hakuna mtu anayeshinda bila kitu kutoka mlimani, kwa waganga. Basi komite inapekua. Mifuko, soksi, chini ya kiti, ndani ya mipini. Utaona beseni inajaa vingozi vilivyoshonwa, mizizi, misumari iliyofungwa ndani ya kitambaa, hata mara moja jino, na hakuna aliyekubali ni lake. Watu wanakuja kutazama beseni kuliko mbio.

Kiangazi kile hawakunigusa. Nilivuta pompi yangu mbele za watu wote, maana Esperansi alinifundisha kuivuta kabla ya kazi ngumu. Walicheka: "Ee, Mzee anajijaza upepo kama tairi!" Nikawa wa pili. Mimi, mwenye mvi, niliyekuwa ninasukuma baiskeli mahali palipo sawa. Basi hawakucheka tena.

Vijana wa mbio wakaanza kuja nyumbani kwangu. Wa kwanza alikuwa Trezori, mutoto wa dada ya Balole, kijana mwenye mapaja kama magogo. Alisimama mlangoni na soda mkononi.

"Papa Amisi, shikamoo. Nimekuletea kitu ya kunywa."

"Asante. Unaumwa?"

"Hapana, Papa. Nilitaka unipulizie mara moja tu. Nionje."

"Hii si pilipili ya kuonja. Weye uko na kifua kizima. Unaenda wapi nayo?"

"Nakwenda mbele, Papa!"

Nikamrudishia soda yake. Akaondoka akisema wazee wana roho mbaya. Hakujua kwamba ile pompi inabonyezwa mpaka inakwisha, na ikikwisha mimi ninahesabiwa kati ya marehemu.

Alikwenda kwa Kashindi, mwenye farmasi karibu na sokoni. Kashindi hana aibu. Aliwauzia pompi bila karatasi ya daktari, kila anayekuja na mapaja. Habari ilienea kwa wabeba mizigo wote, kwamba ile bulu inafungua kifua, unapanda kilima kama unateremka. Kabla masika haijakwisha, nilikwenda kutafuta yangu, Kashindi akaniambia: "Papa, stoki imekwisha." Nilitoka nje, nikakuta vijana wawili chini ya kivuli cha farmasi yake wanapokezana pompi kama sigara.

Kwa jirani yetu Mama Riziki, binti yake mdogo ana ugonjwa kama wangu. Yeye pia aliambiwa stoki imekwisha. Nilimpa mtoto avute yangu, kwa ile chupa, mara nyingi, mpaka Esperansi aliponitafutia nyingine kwa jamaa yake ng'ambo, Bujumbura. Ndiyo hiyo Furaha aliyoifunga uzi mwekundu shingoni, tusiichanganye na ile ya kwanza, niliyomwachia mtoto. Muukumbuke uzi huo.

Kiangazi kikarudi, na asubuhi ya mbio Furaha mwenyewe alinishonea kifungo kwenye mfuko, pompi isianguke. Nilifika, nikapanga bidoni yangu, wakaleta beseni. Balole alinifikia mimi na akasimama. Alikuwa na kipaza sauti.

"Mzee, fungua mufuko."

Nikafungua.

"Hii ni nini?"

"Prezida, unaijua. Ni ya hospitali. Iko ya asima."

"Inafanya nini?"

"Inanipa kupumua."

Akawageukia watu na kipaza sauti chake. "Mumesikia? Inamupa kupumua! Sasa sisi wengine tunapumua na nini?" Watu wakacheka. "Mzee, dawa ni dawa. Ya mulima, ya muzungu, hapa zote zinaingia mu beseni."

"Basi minye siendi."

Hapo akashusha kipaza sauti. Akanishika bega, sauti ikawa ya asali. "Baba Amisi, usikasirike mbele ya watu. Itakuwa mu gari, nyuma yako. Ukiihitaji, inua mukono. Nitakupa minye mwenyewe, na mukono wangu." Wale waliokuwa karibu walisikia. Dereva wake alisikia. Pasikali, shemeji yangu yuleyule wa kikombe, alikuwa hapo, alisikia. Ahadi ya mkubwa, mbele ya watu, kwetu si kitu cha kutilia mashaka. Akaichukua, haikuingia hata kwenye beseni pamoja na vingozi. Aliitia mfukoni mwake.

Nilikimbia vizuri mpaka mbele ya Runingu. Pale lori moja la makala, mkaa wa kupikia, lilitupita, likaacha vumbi na moshi wake mweusi kama pazia. Nikaingia ndani ya pazia hilo. Nilipotoka upande wa pili, kifaranga kilikuwa kimeamka.

Yaliyofuata nimekwisha kuyasema. Aliyeniokoa ni Mama Nyota, mkulima wa Runingu, aliyetoka shambani na jembe. Kulikuwa na wanaume waliotaka kunimwagia maji na kunilaza chali. Aliwafukuza na jembe. Akanikalisha, akaniegemeza kifuani kwake, akanipiga mgongo polepole kama mtoto aliyenyonya, akimpigia kelele kila mwenye moto, pikipiki, anayepita. Ninyi mnaougua, muwaambie watu wa nyumbani: musimlaze mwenye asima, musimwagie maji, mumukalishe. Mama Nyota hakufundishwa na mtu. Alikuwa na mdogo wake aliyekufa hivyo.

Motari mmoja alisimama. Nilifungwa kwenye mgongo wake kwa kitenge cha Mama Nyota, tukafika kwenye santre ya afya ambayo siitaji, maana haikunikosea. Mashine ya oksijeni ilikuwepo, ila jenereta haikuwa na mafuta. Yule motari alilala chini ya moto wake, akatoa bomba, akanyonya esansi kwa mdomo, akaimwaga ndani ya jenereta, akatema mate. Sikumpata tena hata kumshukuru. Kama anasoma, ajue kwamba niko.

Nilikaa hospitali Uvira mpaka mvua za kwanza. Walinipa vidonge vinavyoshusha kifua na kupandisha uso. Uso ulivimba ukawa kama mandazi, macho mawili yanachungulia. Miguu ikabaki fito. Nilikuwa nakula kama jeshi na sishibi. Kitinda mimba wangu aliletwa kuniona, akajificha nyuma ya mama yake, akasema: "Huyu si Papa." Akarudishwa nyumbani analia. Siku hiyo nilimchukia Balole kwa namna ambayo padri wetu alinikataza, na bado sijatii.

Nyumbani kulikuwa vita. Pasikali alimtaka dada yake arudi kwao. "Utakaa na mutu wa kupumulia mu chupa mpaka lini?" Furaha akamjibu: "Weye ulikuwa pale. Ulisikia Balole anaahidi. Nenda useme hivyo mbele ya watu, halafu uje uniambie nirudi." Hajasema mpaka leo. Balole ananunua kwake simu za komite nzima.

Baiskeli yangu anaiendesha mwanangu Amisi, aliacha shule. Hilo pia lina mwenyewe wa kulijibu.

Mama Nyota alikuja kunitembelea na kibunda cha mchele. Akakaa kwenye benchi, akauliza tu, kama mtu asiyejua kitu: "Kile kitu cha bulu, chenye uzi mwekundu, ni chakula?"

Nikainuka kitandani. "Umekiona wapi?"

"Siku ileile. Gari iliyokupita ilisimama kule mbele kidogo, kando ya shamba langu, chini ya mti mkubwa. Kulikuwa kijana mwenye mapaja makubwa ananywa maji. Yule mwenye miwani akamupa kile kitu. Kijana akakinyonya, akakinyonya, akakinyonya tena. Minye nikasema labda ni bonboni."

Trezori alishinda mbio. Walionisimulia wanasema alipofika Luvungi mikono ilikuwa inamtetemeka hata matairi yakamwanguka, akatapika juu ya viatu vya mjomba wake mbele ya kipaza sauti. Nimeomba nisimuliwe mara nyingi. Na wiki ileile ya mbio Balole alimtuma mtu kuniletea pompi yangu hospitalini, uzi wake shingoni. Niliitikisa. Tupu.

Nilimuuliza Esperansi: "Ilimusaidia angalau?"

"Kumusaidia nini? Ku mutu muzima haifungue kitu, hakuna kilichofungwa. Inamupa kutetemeka na moyo kupiga mbio. Alishinda na miguu yake, Papa. Angeshinda tu."

Kama ingemsaidia, ningesema ni mwizi na alipata alichoiba. Lakini nilikaribia kuzikwa kwa kitu kisichomsaidia mtu yeyote isipokuwa mimi. Neno hilo linanichoma kuliko moshi wa lori.

Balole alikuja nyumbani. Ulikuwa mwisho wa masika, alikuja na mchungaji mmoja, mzee wa avenyi, wa mtaa wetu, na kasha la soda, kumaliza mambo kinyumbani, kama tunavyofanya. Alikaa kwenye kiti changu. "Baba Amisi, yote ilikuwa mipango ya Mungu. Tusameheane. Sikukuona barabarani, vumbi lilikuwa jingi."

"Vumbi lilikuwa jingi, lakini Trezori ulimuona?"

Mchungaji akakohoa. Balole akasema tusiingize watoto. Kashindi yeye alituma salamu na pakiti ya dawa za malaria, ambayo siumwi. Furaha akalibeba lile kasha la soda kichwani, akalirudisha mpaka kwenye gari, akaliweka kwenye kiti cha mbele, akafunga mlango. Mimi niliwaambia wazee: nitasamehe nikijibiwa. Sijajibiwa, nitasamehe nini?

Sasa kiangazi kimerudi, na wanaandaa tena mbio, na beseni, na kipaza sauti. Mtoto wa Mama Riziki bado anatafutiwa dawa, Kashindi bado anasema stoki imekwisha.

Kwa hiyo, Balole, sikia. Chifu amesema hana uwezo, polisi wamesema hakuna marehemu. Nimemwomba fundi anitengenezee benchi. Ni fupi, ya mtu mmoja, na imekwisha. Kesho asubuhi nitaiweka mbele ya lango la parsele yako, upande wa barabara, nitakaa na pompi yangu mkononi. Nitakohoa bila kuzuia. Wageni wako wataniuliza ninangoja nini, nitawaambia, na Mama Nyota ameahidi kuja siku za soko ili awaambie na yeye. Nimezoea kungojea, hospitali ilinifundisha. Ukitoka na soda nitaimwaga. Toka na dereva wako, toka na Trezori, muite Kashindi afunge farmasi yake aje, na useme, kwa kile kipaza sauti, kwa nini gari haikusimama.